Huruma na Cheti: Asili ya Mafunzo ya Watunza Wagonjwa

Katika parokia yetu hapa Bunia kumetokea ubishi, nao haujaisha. Wako Wakristu wanaokwenda kila juma kuwatunza wagonjwa wa muda mrefu nyumbani kwao: wazee waliopooza, akina mama wenye kansa, watu waliolala miaka miwili mitatu juu ya godoro lile lile. Hawaendi kwa mshahara. Basi lilitolewa shauri kwamba watu hao wafundishwe kwanza, wapimwe kwa mtihani mdogo, ndipo wapewe cheti na kutumwa. Wengine walikubali. Wengine, tena wazee wenye kuheshimiwa, walikunja uso. Walisema: "Tangu lini huruma ikadaiwa cheti? Yule Msamaria wa Injili alikuwa na diploma gani? Mama zetu walituuguza bila karatasi yoyote."

Neno lao lina uzito, wala si vema kulipuuza. Nataka kulijibu kwa historia, maana Kanisa limelifikiri neno hili zamani sana, tena mara nyingi, na mara nyingine limefundishwa kwa machozi. Lakini kwanza sina budi kuungama jambo langu mwenyewe, mpate kujua kwa nini nashughulika na habari hii.

Miaka michache iliyopita nilizoea kumtembelea mzee mmoja, katekista wa zamani, aliyepooza upande wa kuume. Aliyemtunza ni mjukuu wake, msichana wa miaka 15. Siku moja msichana alikuwa amekwenda kuteka maji, na mzee akaniashiria kwamba ana kiu. Nilichota maji kwa kijiko nikamtilia kinywani, naye amelala chali. Akapaliwa, akakohoa sana, macho yakamtoka. Baadaye akatulia, nikamshukuru Mungu, nikaenda zangu. Siku ya tatu akashikwa na homa ya kifua. Akaitwa mwuguzi, mama wa makamo, naye akauliza: "Mwalimu, ni nani aliyemnywesha mzee amelala?" Nikajibu kwamba ni mimi. Akaniambia kwa upole: "Mtu aliyepooza, mara nyingi koo lake nalo limelegea, na maji huingia mapafuni. Umketishe kwanza, mwalimu, kidevu kiinamie kifua, ndipo umpe kidogo kidogo."

Mzee alifariki baada ya majuma mawili. Yule mama hakusema kwamba ni maji yangu yaliyomwua, wala mimi sisemi hivyo, maana alikuwa dhaifu siku nyingi. Lakini nilikuwa nimesoma seminarini miaka mingi. Naliweza kueleza Mpako wa Wagonjwa tangu asili yake, wala sikujua kumnywesha mgonjwa maji.

MSAMARIA NA MAFUTA YAKE

Tuanze na Msamaria, kwa kuwa wazee wetu wamemtaja. Mtakatifu Luka atusimulia kwamba alimsogelea mtu yule aliyejeruhiwa, akamtilia mafuta na divai katika majeraha, akayafunga. Watu wa zamani walitumia divai kusafisha kidonda, na mafuta kukilainisha. Maana yake, Msamaria alijua la kufanya. Tena alipokwisha kufanya sehemu yake, alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Alijua pia mahali kazi yake ilipokoma. Mambo hayo mawili, kujua la kufanya na kujua mpaka, ndiyo cheti chote. Tutayaona tena na tena katika habari hii.

Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alijifunza hayo mwaka 1617, alipokuwa paroko wa Châtillon huko Ufaransa. Jumapili moja aliwaambia watu wake habari za jamaa mmoja ambao wote walikuwa wagonjwa na hawana chakula. Mchana ule njia ilijaa watu wenye vikapu. Akafurahi, lakini akaona tatizo pia: chakula kingi kililetwa siku moja, kitaoza, na kesho jamaa wale watakuwa na njaa tena. Alisema kwamba huruma ni kubwa lakini haina utaratibu. Akaandika kanuni, akapanga zamu. Baadaye, mwaka 1633, yeye na Mtakatifu Luiza wa Marillac walianzisha Mabinti wa Huruma. Walikuwa wasichana wa mashambani waliotumwa kuwatunza maskini wagonjwa katika nyumba zao. Luiza hakuwatuma hivi hivi. Aliwafundisha kusoma, kutayarisha dawa, na kazi nyingine za uuguzi kama zilivyojulikana wakati ule. Basi miaka zaidi ya 350 iliyopita Kanisa lilikwisha kuwa na watunza wagonjwa wa nyumbani waliofundishwa. Jambo hili si geni kwetu.

MGANGA KATEKISTA WA KAREMA

Tuje sasa Afrika yetu. Kardinali Lavigerie aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868 alikuwa na shauri lililowashangaza wengi. Alitaka vijana Waafrika waliokombolewa katika utumwa wasomeshwe uganga, ndipo warudi Afrika kuwa waganga na makatekista pamoja. Mwaka 1881 aliwafungulia nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta.

Mmoja wao alikuwa Adriani Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger kadiri ya mwaka 1866, akaibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria. Alisoma Malta mpaka mwaka 1888, ndipo akapelekwa Unguja na kutoka huko bara, akafika Karema, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alikaa huko mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Alioa mke wa nchi ile, na mtoto wao Yosefu akawa padre mwaka 1923. Alifundisha dini na kutibu wagonjwa, akipita vijiji kwa miguu.

Twaona nini hapo? Lavigerie alikuwa na haja kubwa ya makatekista. Angaliweza kumtuma kijana yule mara alipobatizwa, na sanduku la dawa mkononi. Hakufanya hivyo. Alimngoja miaka asome. Kwa sababu hiyo Karema ilipata mganga kwa miaka 67. Sisi makatekista tunapenda kumtaja Atiman kama ndugu yetu mkubwa. Basi tutaje pia miaka yake ya Malta, maana watu wengi hukumbuka safari zake na kusahau vitabu vyake.

NGAZI ZA KONGO YA WABELGIJI

Katika Kongo ya Wabelgiji wauguzi wa kwanza wenyeji walifundishwa kwa sababu ya hofu, hasa hofu ya ugonjwa wa malale. Ugonjwa huu uliua watu wengi mno mwanzoni mwa karne ya 20, na waganga Wazungu walikuwa wachache. Kwa hiyo vijana walifundishwa kutumia hadubini na sindano, wakapita kijiji kwa kijiji kuwapima watu. Baadaye shule zikawa na utaratibu zaidi. Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha mwaka 1926 shirika la kutibu wagonjwa huko Kisantu, lililoitwa FOMULAC, na mwaka 1930 likaanzishwa shirika la FOREAMI kwa jina la Malkia Elisabeth. Misioni za Kikatoliki na za Kiprotestanti nazo zilifungua shule zao, na wanafunzi wakafanya mtihani mbele ya wakaguzi wa Serikali.

Hapo zikapatikana ngazi. Chini alikuwa mwuguzi msaidizi. Juu yake mwuguzi mwenye diploma. Na kutoka miaka ya 1930 kukawa na daraja la juu zaidi, yaani waganga wasaidizi, waliosomeshwa Léopoldville na Kisantu. Kila ngazi ilikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilisema mtu aruhusiwa kufanya nini. Mwaka 1952 ikatoka amri ya Serikali juu ya kazi ya kuponya watu, iliyoeleza nani anaweza kuifanya.

Tusifiche ubaya uliokuwamo. Ngazi ile ilikuwa na kikomo kwa Mwafrika. Mganga msaidizi aliweza kufanya kazi karibu yote ya daktari, lakini hakuitwa daktari wala hakulipwa kama yeye. Cheti kikawa ukuta badala ya mlango. Hili nalo ni fundisho kwetu: cheti kikitumiwa kumzuia mtu kwa ajili ya rangi yake au kabila lake au ufukara wake, kimeacha kumlinda mgonjwa, kimekuwa silaha ya mwenye nguvu.

Tena liko jambo la pili. Wengi waliosomeshwa uuguzi walikuwa wavulana. Wanawake walifundishwa hasa kazi ya kuzalisha. Lakini nyumbani, mgonjwa aliporudi kutoka hospitali, aliyemgeuza kitandani na kumsafisha ni mke, au binti, au mama. Hivyo elimu ilikaa hospitalini kwa wanaume, na kazi ikakaa nyumbani kwa wanawake. Mpaka leo bado twaona alama ya mgawanyo huo.

ROMA YASEMA: WASOMESHENI

Zamani sheria ya Kanisa haikuwapa mapadre na watawa ruhusa ya kufanya kazi ya uganga ila kwa idhini ya pekee, na kazi ya kuzalisha ilionwa haiwapasi masista. Matokeo yake yalikuwa ya huzuni. Masista walikaa katika nchi ambamo akina mama wengi walikufa kwa uzazi, nao hawakuruhusiwa kuwasaidia.

Wanawake wakaanza kubisha mlango wa Roma. Daktari Anna Dengel wa Austria, aliyewatibu wanawake wa Kiislamu huko Rawalpindi, alianzisha mwaka 1925 shirika la wanawake waganga huko Marekani. Na huku kwetu Afrika ya Mashariki alikuwako Mama Kevin, mtawa wa Ireland, aliyefika Nsambya, Kampala, mwaka 1903. Alianza kutibu watu chini ya mti wa mwembe. Lakini hakutosheka na mwembe: alijenga hospitali, akaanzisha shule ya wauguzi na wakunga, na mwaka 1923 shirika la masista Waafrika.

Tarehe 11 Februari 1936 Idara ya Kueneza Imani huko Roma ilitoa barua iitwayo Constans ac sedula. Iliwaruhusu masista wa misioni kuwatunza akina mama wazaapo na watoto wao. Lakini haikusema tu, "Nendeni." Ilitaka masista wasome na kupata vyeti vya uganga au vya uuguzi. Angalieni siku yenyewe: sikukuu ya Bikira Maria wa Lourdes, siku ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliichagua baadaye, mwaka 1992, iwe Siku ya Wagonjwa Duniani.

Basi wazee wetu wakiuliza tangu lini huruma ikadaiwa cheti, jibu mojawapo ni hili: tangu tarehe 11 Februari 1936, kwa neno la Roma yenyewe. Mwaka uliofuata, 1937, Mama Maria Martin wa Ireland alianzisha huko Nigeria Masista Wamisionari Waganga wa Maria. Tutawakuta tena mbele kidogo.

MWAKA WA UHURU

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, nchi haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo mwenye diploma kamili. Madaktari Wabelgiji wengi walikimbia katika majuma machache. Hospitali zikabaki mikononi mwa waganga wasaidizi, waliokuwa zaidi ya mia kidogo tu, na wauguzi. Hao ndio waliopasua, waliochoma sindano, waliofunga majeraha ya vita. Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari wa nchi nyingine, nalo likawapeleka makumi ya waganga wasaidizi Ufaransa wakamalize masomo. Baada ya miaka michache walirudi wakiwa madaktari.

Hawakuanza upya kama watoto wa shule. Masomo yao ya kwanza yalihesabiwa. Hapo twaona cheti kizuri kinavyofanya: huandika yale mtu anayoyajua, hata wakati ukibadilika aweze kuendelea mbele pasipo kubembeleza.

MASHAKA YA YAMBUKU

Sasa nimefika mahali ambapo ningependa kupita upesi, lakini siwezi. Mwaka 1976, kaskazini mwa Kongo karibu na Bumba, katika misioni ya Kikatoliki ya Yambuku, palikuwa na hospitali yenye vitanda 120 hivi. Daktari hakuwako. Wafanyakazi 17, na masista Wabelgiji miongoni mwao, walihudumia watu wengi ajabu kwa moyo wa kujitoa. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa kazi ya hospitali nzima. Baada ya kumchoma mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa kwa maji ya moto, ikatumika kwa mwingine.

Mwisho wa mwezi wa nane aliingia mtu mwenye homa, akachomwa sindano kama mtu wa malaria. Ugonjwa wake haukuwa malaria. Ulikuwa ule ambao baadaye uliitwa Ebola, kwa jina la mto wa huko. Sindano zile tano ziliueneza, na nyumbani ukaenea kwa mikono ya wale waliowatunza wagonjwa na kuwaosha maiti. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi wale 17 wa hospitali, 11 walikufa, na masista wamo. Tarehe 30 Septemba hospitali ikafungwa.

Wasomaji wapenzi, nani angethubutu kusema kwamba watu hawa walikosa huruma? Walikufa kwa ajili yake. Mungu amekwisha kuwapokea, nasi hatuwahukumu. Vifaa vilikuwa haba na kazi ilizidi nguvu zao. Lakini historia yatuambia wazi: huruma peke yake haikuisafisha sindano. Mkono wenye upendo usiojua waweza kubeba mauti kutoka kitanda hata kitanda, tena kwa tabasamu.

Sisi wa Ituri hatuwezi kusema kwamba mambo hayo ni ya mbali. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ikaingia na kwetu, ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliokufa 2,287. Wengi waliambukizwa wakimwuguza ndugu yao nyumbani.

UGANDA: MGONJWA ABAKI KWAKE

Mpaka hapa nimesema zaidi juu ya hospitali. Ni ugonjwa wa ukimwi uliolazimisha watu kufikiri vema juu ya utunzaji wa nyumbani. Katika miaka ya 1980 hospitali za Uganda zilijaa wagonjwa wasiopona wala kufa upesi. Mahali pao palikuwa nyumbani, lakini nyumbani hapakuwa na mwenye kujua.

Mwaka 1987 Sista Miriam Duggan, daktari wa shirika la Mama Kevin, alianzisha utunzaji wa nyumbani kutoka hospitali ya Nsambya. Mwaka ule ule Sista Ursula Sharpe, wa Masista Wamisionari Waganga wa Maria, alifanya vivyo hivyo huko Kitovu, Masaka. Mbegu ya mwaka 1936 ilikuwa imezaa. Wauguzi walikwenda vijijini kwa gari, na huko waliwafundisha watu wa kijiji wenyewe: jinsi ya kumwosha mgonjwa, kumlisha, kusafisha vidonda, na kujua dalili za kuita msaada.

Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, aliyekuwa zamani mtawa wa shirika lile lile la Mama Martin, alianzisha Hospice Africa huko Kampala kwa ajili ya wenye maumivu yasiyopona. Dawa yake kubwa ilikuwa mofini ya kunywa, ambayo huondoa maumivu ya kansa. Lakini mofini ni dawa kali, na sheria ilimruhusu daktari tu kuiandika. Vijijini daktari yuko wapi? Serikali ya Uganda ikatengeneza sheria mwaka 2004: wauguzi na waganga wasaidizi waliosoma masomo ya pekee ya utunzaji huo waruhusiwe kuiandika nao. Masomo yalikuwa ya miezi tisa.

Hapo cheti kilifungua mlango. Bila cheti, Serikali isingethubutu kumpa mwuguzi wa kijijini dawa ile, na mgonjwa angelia usiku kucha. Kwa sababu ya masomo na karatasi yake, maumivu yakapungua katika nyumba ya nyasi.

Nchi nyingine nazo zimeweka kipimo. Huko Marekani sheria ya mwaka 1987 yataka mtunza wagonjwa wa nyumbani anayelipwa kwa mpango mkubwa wa Serikali asome si chini ya saa 75, na kati ya hizo saa 16 ziwe za mazoezi chini ya macho ya mwuguzi, tena ajifunze saa 12 kila mwaka. Wako ndugu zetu Wakongo waliohamia huko wanaofanya kazi hiyo kwa watu wasio jamaa yao. Ni ajabu kidogo kwamba binti yetu afundishwe saa 75 kumtunza mzee wa Chicago, na dada yake aliyebaki Bunia asifundishwe hata saa moja kumtunza babu yake mwenyewe.

ITURI YETU

Si kwamba Ituri haina shule. Yapata kilomita 45 kutoka Bunia iko Nyankunde, ambako Waprotestanti walijenga hospitali kubwa na shule ya wauguzi. Daktari Helen Roseveare, Mwingereza, ni mmoja wa walioijenga. Alifika Kongo mwaka 1953, akafundisha wauguzi huko Ibambi na Nebobongo, akatekwa na kuteswa katika vita vya mwaka 1964, kisha akarudi mwaka 1966 kuanza tena kufundisha hapo Nyankunde, mpaka mwaka 1973. Alihangaika sana shule itambuliwe na Serikali, maana alijua kwamba mwanafunzi asiye na diploma inayotambuliwa atafungiwa milango.

Tarehe 5 Septemba 2002 watu wenye silaha walishambulia Nyankunde. Wagonjwa waliuawa vitandani. Katika siku zile waliuawa watu zaidi ya 1,000. Walionusurika walikimbia kwa miguu msituni mpaka Oicha. Shule ikatawanyika. Lakini waalimu hawakukubali ife. Wakaanza tena kufundisha mahali walipokimbilia. Watu waliopoteza kila kitu waliona kwamba kufundisha wauguzi ni jambo lisiloweza kungoja amani.

Leo nchini mwetu ngazi zajulikana. Mwuguzi wa A2 husoma katika shule ya sekondari ya uuguzi, iitwayo ITM, miaka minne, kisha hufanya mtihani wa Serikali. Mwuguzi wa A1 husoma shule ya juu, ISTM. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliunda chama rasmi cha wauguzi, kiitwacho Ordre, cha kulinda kazi yao. Hayo yote ni mema. Lakini ni ngazi za wauguzi. Yule msichana wa miaka 15 aliyemtunza mzee wangu hayumo katika ngazi yoyote. Twamwita "garde-malade", twampa mkeka chini ya kitanda cha hospitali, twamwachia kazi ngumu kuliko zote. Kisha mgonjwa akirudi nyumbani twamwachia yote.

Hapo nawajibu wazee wetu waliosema kwamba mama zetu walituuguza bila karatasi. Ni kweli. Lakini mama zetu walisoma! Walikaa miaka mingi kando ya mama zao na nyanya zao, wakaona jinsi mgonjwa anavyoinuliwa, anavyogeuzwa, anavyolishwa. Hiyo ilikuwa shule, tena shule ndefu. Vita vya miaka iliyopita na hivi vilivyoanza upya mwishoni mwa mwaka 2017 vimewatawanya jamaa. Nyanya yuko katika kambi ya wakimbizi, mama amekufa, binti yuko Bunia peke yake na mgonjwa. Shule ile ya zamani imevunjika. Tusipoweka nyingine mahali pake, tutamlaumu mtoto kwa kutojua yale ambayo hakuna aliyemwambia.

CHETI CHA NAMNA GANI?

Kwa hiyo nasema, parokia zetu zifundishe. Si lazima yawe masomo ya miezi mingi. Mwuguzi mwenye diploma afundishe kwa siku chache yale ya lazima: kunawa mikono kwa sabuni kabla na baada, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza mara kwa mara, kama kila saa mbili, asipate vidonda vya kitandani, kumketisha kabla ya kumpa chakula au maji, kumwosha kwa heshima na kufunga mlango, kukumbuka saa za dawa, kutunza siri ya nyumba, na kutambua dalili zinazotaka mganga siku ile ile. Kisha mazoezi, si maneno tu. Asiyeweza kumgeuza mtu kitandani mbele ya mwalimu asitumwe kumgeuza mgonjwa wa kweli.

Na cheti kiseme mambo mawili, kama Msamaria. Kwanza, yale mtu huyu aliyofundishwa. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, yale asiyoruhusiwa kufanya: asichome sindano, asibadilishe dawa, asimkataze mgonjwa hospitali. Kiandikwe wazi kwamba hiki si diploma ya Serikali, wala mwenye nacho si mwuguzi. Kiwe na mwaka wa kwisha, ili mtu arudi kujifunza. Wala kisiuzwe. Wala kisitumiwe kumzuia jirani asimpe mgonjwa pole na uji.

Wako wanaoogopa kwamba mwenye cheti atajivuna. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini karatasi inayomwonyesha mtu mpaka wake humfundisha unyenyekevu. Mimi nisiye na cheti ndiye niliyejivuna siku ile, nilipodhani kwamba kijiko cha maji ni kitu chepesi.

Kristu alisema kwamba lile tumtendealo mgonjwa, twamtendea yeye. Kama ni yeye alalaye pale, hatustahili kumwendea kwa mikono isiyojua. Mjukuu wa yule mzee yu hai. Mwaka jana alimaliza sekondari, naye ataka kusoma uuguzi. Wiki hii amekuja kuniuliza kama mafunzo ya parokia yataanza kweli. Nimemwambia aandike jina lake la kwanza. La pili ni langu.